Moshi wa Sigara na Protini za Damu: Mambo ya Kujua Kabla Hujashika Pipeti

Mwanafunzi anayeingia maabara ya biokemia akiwa na mradi wa moshi wa sigara huja na hoja moja kichwani: moshi una redikali huru (molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake), redikali huunguza protini, kwa hiyo nitapima kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kiungo maradufu) nijue protini zimeungua kiasi gani. Hoja hiyo si uongo, ila imelalia upande mmoja. Redikali zimo, tena nyingi. Lakini sehemu kubwa ya kinachoonekana kwenye plazma (majimaji ya damu bila chembe) iliyopitishiwa moshi si kuungua, ni kunatiwa. Aldehaidi za moshi hunata kwenye protini, tena mahali maalumu, na asiyelijua hilo huishia kuandika tasnifu nzima juu ya oksidisho, yaani kule kuungua, wakati kipimo chake kilikuwa kinahesabu kitu kingine.

Chukua akrolini, ile aldehaidi inayochoma macho ukikaa karibu na mvutaji au karibu na karai la mafuta yaliyoungua. Ni molekuli ndogo, uzito wake 56 tu, na ina ncha mbili zenye ukali. Ncha ya kwanza ni kiungo maradufu kati ya kaboni mbili. Hiyo hudaka salfa ya sisteini, na ikiikosa hudaka naitrojeni ya histidini au laisini. Ncha ya pili ni kundi la aldehaidi lenyewe. Ya kwanza ikishanata, ya pili hubaki inaning'inia nje ya protini, nzima kabisa. Sasa ukija na DNPH, kitendanishi kinachotafuta kabonili, kinaikuta aldehaidi hiyo, kinashikana nayo, rangi ya njano inapanda, nawe unaandika "protini imeoksidika". Hapo hakuna asidi amino hata moja iliyooksidika. Krotonaldehaidi, yenye uzito wa 70, hufanya vivyo hivyo.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani kidogo. Mwaka 1992 Abraham Reznick, Carroll Cross na wenzao walichapisha katika Biochemical Journal matokeo ya plazma ya binadamu iliyopitishiwa moshi. Kabonili za protini zilipanda, thaioli, yaani salfa za sisteini zilizo wazi, zikashuka. Vitamini C, ambayo ilikuwa imeshaonekana kuzuia moshi usiharibu mafuta ya plazma, haikuzisaidia protini. Glutathioni, molekuli ndogo ya mwilini yenye sisteini, ilizisaidia. Tofauti hiyo ukiishika umeushika mradi wako: vitamini C huzima redikali lakini haina salfa ya kumtegea akrolini, glutathioni inayo, kwa hiyo akrolini hunasa kwake kabla haijaifikia protini. Ndiyo maana kila jaribio la moshi linapaswa kuwa na tyubu hizo mbili pembeni, moja ya vitamini C na moja ya glutathioni, zote za milimola 1. Ukiziacha utakuwa na namba isiyo na maelezo.

Protini ipi, na inaishi muda gani

Watu hukimbilia kuchagua kipimo. Chagua protini kwanza, kwa sababu umri wa protini ndio unaoamua matokeo yako yanasimulia jana au miezi minne iliyopita.

Albumini ndiyo ya kuanzia. Kwa mtu mwenye afya iko gramu 35 hadi 50 kwa lita, yaani karibu milimola 0.6, hakuna protini ya plazma inayoikaribia kwa wingi. Ina sisteini 35. Kati ya hizo 34 zimefungana jozi jozi na kufanya madaraja 17. Moja tu, iliyo nafasi ya 34, imebaki peke yake na salfa yake wazi. Ukipima thaioli za plazma, unachopima kwa sehemu kubwa ni hiyo sisteini ya 34. Ndiyo dirisha ambalo moshi huingilia. Nusu ya albumini huondolewa kila baada ya siku 19 au 20 hivi, kwa hiyo kilichonata kwayo kinaeleza wiki chache.

Himoglobini ni habari nyingine, na hapa wageni huchanganya mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza ni kaboni monoksidi. Hiyo haigusi asidi amino yoyote; hukaa kwenye chuma cha hemu, mahali pa oksijeni, na hushikilia kwa nguvu mara 200 hadi 250 kuliko oksijeni. Isitoshe, himoglobini iliyobeba kaboni monoksidi hung'ang'ania oksijeni iliyobaki isiiachie kwenye tishu. Lakini inaachia: mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu huondoka ndani ya saa 4 hadi 6. Asiyevuta huwa chini ya asilimia 2, mvutaji wa pakiti kwa siku mara nyingi yuko kati ya 4 na 8. Kipimo hiki basi ni cha leo tu. Aliyeamka saa 12 asubuhi akaja maabara saa 3 bila kuvuta atakudanganya bila kukusudia.

Hapohapo kuna mtego wa kila siku hospitalini: kile kifaa cha kubana kidole cha kupimia oksijeni hakitofautishi himoglobini yenye oksijeni na yenye kaboni monoksidi. Mvutaji ataonyesha 98 na sehemu ya hiyo 98 ni moshi. Unahitaji mashine ya gesi za damu yenye kipima himoglobini cha mawimbi mengi ya mwanga, na tyubu iliyojaa hadi kifunikoni bila nafasi ya hewa.

La pili kwa himoglobini ni viambatisho vinavyonata moja kwa moja na haviachii. Mnyororo wa globini huanza na valini, na naitrojeni ya valini hiyo hudaka oksidi ya ethilini, akrilonitrili na akrilamidi. Chembe nyekundu huishi siku 120, na kwa sababu haina kiini wala haitengenezi protini mpya, kila kilichonata hubaki hadi chembe ife. Mtu akiacha sigara, viambatisho hivi hupungua taratibu kwa miezi minne hadi virudi kwenye kiwango cha asiyevuta. Kati ya vitatu hivyo, cha akrilonitrili ndicho kinachoaminika zaidi kwa sigara, maana kwa asiyevuta huwa kidogo mno. Cha akrilamidi usikitegemee peke yake: akrilamidi hutokea pia kwenye viazi vilivyokaangwa, na mla chipsi wa kila siku atafanana na mvutaji wa sigara chache.

Kuna pia 4-aminobifenili, inayohusishwa na saratani ya kibofu. Ini huigeuza, kisha inanata kwenye sisteini ya 93 ya mnyororo wa beta. Kuipima kunahitaji kuiachanisha kwa alkali na kuipitisha kwenye spektromita ya masi. Si kazi ya mwezi wa kwanza.

Halafu alfa-1-antitripsini. Hii ndiyo inayolinda mapafu dhidi ya elasitezi, kimeng'enya cha chembe nyeupe kinachokata protini, na ni mfano adimu ambapo oksidisho kweli ndilo lenye lawama. Methionini yake ya 358 imekaa katikati kabisa ya mahali inapomkamatia elasitezi. Ikiongezewa oksijeni moja tu, kasi ya kumkamata hushuka takriban mara 2,000. Sasa angalia: kiasi cha protini hakibadiliki. Kipimo cha kingamwili kitakuambia gramu 1.5 kwa lita, kiwango cha kawaida, na pengine zaidi ya kawaida, kwa sababu ini huitoa kwa wingi palipo na uvimbe. Kinachopungua ni kazi. Kwa hiyo pima uwezo wake wa kuzuia elasitezi sambamba na kiasi chake, ugawanye cha kwanza kwa cha pili. Na usishangae ukikuta kwenye plazma hakuna tofauti ya maana. Uharibifu huo uko zaidi kwenye majimaji yanayopaka mapafu kuliko kwenye mshipa wa mkono.

Fibrinojeni hupanda kwa wavutaji, kawaida yake ikiwa gramu 2 hadi 4 kwa lita, na pia hunaitrishwa kwenye tairosini na oksidi za naitrojeni. Ukitumia seramu badala ya plazma hutaiona kabisa, imeshaganda na kubaki chini ya tyubu. Inaonekana jambo dogo hadi siku unapogundua sampuli 60 zote ni seramu.

La mwisho kwenye orodha hii ni sianidi. Moshi una hidrojeni sianidi, mwili huigeuza kuwa thayosianati, na kimeng'enya cha chembe nyeupe kiitwacho mieloperoksidezi huigeuza tena kuwa sianati, ambayo hunata kwenye laisini. Kipimo chake kina mkanganyiko wa kwetu kabisa, nitaurudia mbele.

Kutengeneza moshi unaorudiwa

Sigara ya dukani inayouzwa moja moja imekaa kwenye pakiti wazi, imekauka au imelowa kulingana na msimu. Sigara kavu huungua haraka na moshi wake hutofautiana. Kiwango cha kimataifa ni kuziweka sigara kwenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 60 kwa angalau saa 48. Huna kabati la unyevu? Chukua boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, weka ndani bakuli la maji yaliyoshiba sodiamu bromaidi hadi chumvi ibaki chini haiyeyuki, na sigara juu ya wavu. Unyevu utatulia karibu na asilimia 58. Kwa kazi ya kuchapisha, wengi hutumia sigara za rejea za Chuo Kikuu cha Kentucky, 3R4F na mrithi wake 1R6F, ili matokeo ya maabara mbili yaweze kulinganishwa.

Mvuto mmoja kwa utaratibu wa ISO ni mililita 35 kwa sekunde 2, mara moja kila dakika. Utaratibu mkali wa Kanada ni mililita 55 kwa sekunde 2, kila nusu dakika, na vitundu vya kichungi vikizibwa kwa utepe. Andika umetumia upi. Namba za akrolini kutoka sigara ileile zinaweza kuachana mara mbili au zaidi kati ya taratibu hizo mbili, na wanaosoma kazi yako hawana namna ya kubashiri.

Mtambo wenyewe si lazima uwe wa gharama. Bomba la sindano la mililita 50, koki ya njia tatu, na mpira mfupi wa kushikilia sigara vinatosha. Vuta mililita 35 ukihesabu sekunde mbili, geuza koki, sukuma taratibu kwenye tyubu ya plazma. Ukitaka gesi peke yake bila lami, weka katikati pedi ya kichungi cha nyuzi za glasi cha milimita 44. Mpira usiwe mrefu: aldehaidi na lami hubaki kwenye kuta zake, na mpira wa jana wenye rangi ya chai ni chanzo cha matokeo ya leo.

Sasa kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote: kupuliza moshi ndani ya plazma kama anayepulizia mrija kwenye soda. Plazma ina protini gramu 70 kwa lita. Itatoa povu, na protini iliyo kwenye ngozi ya povu hufunguka na kuharibika hata kama ulichopuliza ni hewa safi. Moshi uwe juu ya plazma, usiingie ndani. Weka mililita 3 za plazma kwenye chupa ya mililita 100 iliyofungwa, ingiza moshi, tikisa polepole kwenye maji ya nyuzi 37. Na chupa ya pili ipate hewa ya kawaida, mililita zilezile, kwa dakika zilezile. Bila chupa ya hewa huna jaribio.

Wanaofanya kazi na seli hutumia maji ya moshi: moshi wa sigara moja kwenye mililita 10 za bafa (mmumunyo unaoshikilia pH), pH ikirudishwa 7.4, kuchujwa kwa kichujio cha mikromita 0.22, hayo yanaitwa asilimia 100. Hapo pia pana hesabu ya kufanya. Tuseme sigara imetoa mikrogramu 100 za akrolini na zote zimeyeyuka, jambo ambalo halitokei; utapata mikromola 180 hivi. Ukipunguza hadi asilimia 10, ni mikromola 18. Maji ya kukuzia seli yenye seramu ya ndama yana albumini ya kutosha kunasa kiasi hicho kabla seli haijaonja. Aliyeweka seramu na asiyeweka hawafanyi jaribio moja.

Tena maji hayo hayangoji. Asetaldehaidi huchemka kwenye nyuzi 20, yaani katika maabara nyingi za pwani tayari ni gesi, na akrolini kwenye nyuzi 53. Chupa ikikaa wazi mezani kwa saa moja unabaki na nikotini na rangi. Tumia ndani ya nusu saa.

Bafa nayo ni mtego. Trisi, bafa inayotumika sana maabarani, ina amino, na amino hudaka aldehaidi. Vivyo hivyo glaisini. Wakati wa kupitisha moshi tumia bafa ya fosfeti. Usiweke DTT wala merkaptoethanoli, vitendanishi vyenye thaioli, kabla ya moshi, maana akrolini yote itaishia huko. Na albumini ya kununua usiiamini bila kuipima: sisteini ya 34 mara nyingi imeshazibwa na sisteini nyingine wakati wa kutengenezwa, kwa hiyo unaweza kuanza na protini ambayo nusu ya dirisha lake limefungwa.

Kufanya kazi na akrolini safi, kwa ajili ya tyubu ya kulinganishia, ni ndani ya kabati la kunyonya hewa pekee. Ukisikia macho yanawasha umeshachelewa.

Kabonili kwa DNPH, hatua kwa hatua

Hiki ndicho kipimo ambacho kila mtu hukifanya na wengi hukikosea, kwa hiyo nakaa nacho.

Yeyusha DNPH milimola 10 kwenye asidi hidrokloriki ya mola 2. Haiyeyuki kwa kutikisa mara mbili tatu. Iache ikikorogwa usiku kucha gizani, kisha chuja. Unga wa DNPH huuzwa ukiwa umeloweshwa maji kwa sababu ukikauka unaweza kulipuka, kwa hiyo usiuanike wala kuukwangua kwenye mdomo wa chupa.

Kila sampuli igawanywe tyubu mbili zenye protini sawa, miligramu 1 hadi 2. Moja inapata DNPH, nyingine asidi tupu. Hiyo ya asidi ndiyo blanki, na ni lazima kila sampuli iwe na yake. Plazma iliyopigwa na moshi ina rangi ya njano-kahawia ya lami, na himoglobini iliyovuja nayo hufyonza mwanga maeneo hayohayo. Ukitumia blanki moja kwa sampuli zote, utapata kabonili inayopanda vizuri kabisa kadiri moshi unavyoongezeka, na itakuwa rangi ya lami tu.

Acha saa moja gizani, ukitikisa kila baada ya dakika 10 au 15. Ongeza asidi ya trikloroasetiki hadi asilimia 10 ya mwisho, weka kwenye barafu dakika 10, zungusha kwenye sentrifuji. Mwaga kimiminika. Sasa osha mashapo kwa mchanganyiko wa ethanoli na ethili aseteti, nusu kwa nusu, mililita 1 kila safari, mara tatu au mpaka maji ya kuoshea yasiwe na njano. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Mashapo hugandana kama utando wa uji uliopoa. Usipoyavunja kwa kijiti cha glasi, DNPH iliyofungiwa ndani haitoki na namba zako zitakuwa juu na zimetawanyika. Ukiyavunja kwa pupa, vipande huelea na kumwagika na maji ya kuoshea. Vunja, tikisa, subiri dakika 10, zungusha, kisha nyonya kwa pipeti, usimwage.

Yeyusha kwenye guanidini hidrokloraidi ya mola 6, pH 2.3, nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 30. Zungusha tena kuondoa kisichoyeyuka. Soma kwenye mawimbi ya nanomita 370, toa blanki, gawanya kwa 22,000, ambayo ni kiasi cha mwanga kinachofyonzwa na kabonili yenye DNPH kwa kila mola.

Mfano: DNPH imesoma 0.081, blanki yake 0.037. Tofauti ni 0.044. Gawanya kwa 22,000 unapata mikromola 2, sawa na nanomoli 2 kwa mililita. Protini kwenye mmumunyo huo ni miligramu 1.6 kwa mililita. Kabonili basi ni nanomoli 1.25 kwa miligramu. Usiishie hapo, ipe namba maana: miligramu moja ya albumini ni nanomoli 15, kwa hiyo ni kama molekuli moja kati ya 12 imebeba kabonili. Ukipata jibu linalosema kila molekuli imebeba tatu kutokana na mivuto miwili, hujagundua kitu, hujaosha.

Protini ipimwe kwenye mmumunyo wa mwisho kupitia tyubu za blanki, si kwenye plazma ya mwanzo, kwa sababu sehemu ya protini hupotea njiani. Soma nanomita 280 dhidi ya mchoro wa albumini iliyoyeyushwa kwenye guanidini hiyohiyo. Kipimo cha rangi ya bluu cha Bradford hakifai hapa: rangi ile hushika aginini na laisini, na laisini ndizo zilizonatiwa na aldehaidi. Utaona protini "imepungua" kwenye sampuli za moshi na kabonili kwa miligramu itapanda kwa hesabu tu.

Thaioli ni rahisi zaidi, na kwa maoni yangu ndicho kipimo cha kuanza nacho. Mikrolita 50 za plazma, mililita 1 ya bafa ya Trisi yenye EDTA (hufunga metali) pH 8.2, soma nanomita 412. Ongeza mikrolita 20 za kitendanishi cha Ellman (hutoa njano kikikutana na thaioli) milimola 10, subiri dakika 15, soma tena. Toa usomaji wa kwanza na wa blanki, zidisha kwa 1.57 (namba hiyo imeshabeba mpunguzo wa plazma na ufyonzaji wa rangi), jibu ni milimola. Tofauti ya 0.30 ni milimola 0.47, na hiyo ni plazma ya kawaida. Ukitaka Trisi isikuletee wasiwasi wa aldehaidi zilizobaki, pitisha plazma kwanza kwenye safu ya Sephadex G-25, inayotenganisha molekuli ndogo na protini.

Lakini thaioli iliyopotea inaweza kuwa imeoksidika au imenatiwa, Ellman hatakuambia. Ukipata nafasi kwenye spektromita ya masi, omba uzito mzima wa albumini. Isiyoguswa ni 66,438. Akrolini inaongeza 56, krotonaldehaidi 70, sisteini iliyofungana nayo 119, oksijeni 16 kwa kila moja. Mchoro mmoja wa aina hiyo humaliza ubishi ambao kabonili za miezi sita haziwezi kuumaliza.

Damu ya watu halisi

Kibali kwanza: NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kwa Tanzania, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) pamoja na kamati ya maadili ya taasisi yako kwa Kenya. Panga miezi, si wiki.

Ujue pia kwamba tofauti utakayoikuta kati ya wavutaji na wasiovuta ni ndogo kuliko ya chupani. Akrolini nyingi hunaswa na glutathioni ya mapafu na kutolewa kwenye mkojo kabla haijafika kwenye mshipa. Makundi mawili yatapishana kidogo na kuingiliana sana.

Damu itolewe kwenye tyubu ya EDTA, ambayo huzuia damu kuganda na pia hufunga chuma kisiendeleze oksidisho humo tyubuni; heparini haifanyi hivyo. Sindano nyembamba na kuvuta kwa nguvu hupasua chembe. Plazma ikiwa na wekundu, itupe, usijaribu kuirekebisha kwa hesabu. Zungusha 1,500 g kwa dakika 10 kwenye nyuzi 4 ndani ya saa moja, gawanya kwenye vichupa vya mikrolita 200, gandisha hasi 80. Friza ya hasi 20 haitoshi: plazma huko inaonekana jiwe lakini haijaganda yote, na sisteini ya 34 huendelea kuoksidika humo kwa siku na wiki. Umeme ukikatika usiku na sampuli zikalegea, ziandike kuwa zimelegea. Sampuli iliyogandishwa na kuyeyushwa mara tatu haina thaioli ya kuaminika.

Dodoso lako liulize zaidi ya "unavuta?" Saa ya sigara ya mwisho. Shisha, kwa sababu mkaa wake hutoa kaboni monoksidi nyingi. Ugoro na kuberi, ambavyo hupandisha kotinini (kinachobaki nikotini ikivunjwa mwilini) bila moshi wowote, kwa hiyo mtu ataonekana mvutaji kwa kotinini huku himoglobini yake ni safi. Jiko la mkaa au kuni ndani ya nyumba, ambalo hufanya kinyume chake: kaboni monoksidi juu, kotinini hakuna. Na muhogo, hasa mchungu. Thayosianati ya damu, ambayo Ulaya hutumika kama alama ya uvutaji, kwa mla makopa asiyewahi kushika sigara inaweza kuzidi ya mvutaji. Huu ndio ule mkanganyiko wa sianidi. Wagonjwa wa figo nao wana sianati inayotokana na urea, kwa hiyo laisini zao hunatiwa bila tumbaku.

Kisukari huongeza kabonili. Malaria, kifua kikuu na maambukizi mengine hupandisha fibrinojeni. Jambo linalosahaulika zaidi ni umri wa chembe nyekundu: mwenye sikoseli, au aliyetoka kuugua malaria kali, ana chembe changa ambazo hazijakaa siku 120, kwa hiyo viambatisho vya himoglobini vitakuwa vichache kwa kila gramu hata kama anavuta sana. Hesabu ya retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa, ni ya bei ndogo. Iombe kwa kila mshiriki siku ileile ya kutoa damu, na matokeo yake yakae safu moja na kiambatisho kwenye jedwali lako.